Maswali ya Wasomaji: Sponji mpya za hedifoni, sauti ileile

SWALI: Shikamoo mzee wa safu hii. Mimi ni kijana ninayerekodi kwaya katika studio ndogo hapa Njombe mjini. Hedifoni zangu ni za ile aina iliyofungwa nyuma, nimezitumia kwa miaka sita, na sponji zake sasa zinabanduka vipande vyeusi vinavyobaki masikioni na shingoni, hata mwalimu wa kwaya moja aliniuliza kama nimetoka kuchoma mkaa. Nilinunua sponji nyingine sokoni, nene na laini kama mto wa kulalia, zikavaa vizuri kwa kuvutwa kama soksi. Masikio yalistarehe, lakini kazi niliyoichanganya wiki ile ilirudishwa, kwa sababu kwenye spika za kanisa besi ilizidi mpaka maneno ya sauti ya tatu hayakusikika. Nimezirudisha zile kuukuu na sasa ninaendelea kupangusa vumbi jeusi. Je, mtu anaweza kubadilisha sponji kwa ajili ya starehe bila kubadilisha sauti?
Mrekodi kwaya, Njombe

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Besi iliyozidi kanisani ndiyo ileile iliyopungua masikioni mwako. Sponji zile nene hazikukukalia sawasawa kichwani, zikavujisha hewa, ukasikia besi haitoshi ukaiongeza kwenye miksa, na spika za kanisa, ambazo hazina habari yoyote na sponji zako, zikaitoa yote pamoja na nyongeza yako.

Hedifoni iliyofungwa nyuma hufanya kazi kama pampu ya baiskeli. Kispika kilichomo ndani husukuma na kuvuta hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio, na sponji ndiyo ile ngozi ya ndani ya pampu inayozuia upepo usitoroke. Ngozi ile ikichakaa, utasukuma mpaka jasho likutoke na tairi lisijae. Besi ndiyo inayoumia kwanza kwa sababu msukumo wake ni wa polepole: noti ya chini kabisa ya gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41, na katika mwendo huo hewa hupata wasaa wa kupenya kwenye mwanya wowote kati ya sponji na shavu lako. Sauti nyembamba za maelfu ya hezi hazitoi wasaa huo, kwa hiyo husikika karibu vilevile hata sponji ikivuja. Ndiyo maana hedifoni inayovuja haipungui sauti kwa jumla, bali hukonda, na mtu asiyejua hudhani rekodi yake ndiyo iliyokonda.

Jambo la pili ni unene wenyewe. Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, na milimita tano za sponji si kitu mbele yake. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu. Ukilisogeza sikio milimita tano zaidi kutoka kwenye kispika, umelisogeza sehemu ya saba hivi ya wimbi zima, na mawimbi yanayogonga ukuta wa ndani wa sponji na kurudi yatakutana mahali pengine, si pale alipopakusudia aliyeibuni hedifoni. Utalisikia hilo kwenye herufi "s" na "sh" za waimbaji, ambazo ama zitachoma ama zitafifia, na kwenye upatu wa ngoma za studio, kabla hujalisikia mahali pengine.

Tatu ni ngozi ya nje na tundu la katikati. Ngozi, iwe ya mnyama au ya bandia, huziba hewa na kurudisha sauti. Kitambaa cha mahameli hupitisha hewa na kumeza sehemu ya sauti nyembamba. Hakuna kilicho bora kwa asili yake. Beyerdynamic DT 770 PRO ni hedifoni iliyofungwa nyuma na hutoka kiwandani na sponji za mahameli, na besi inayo ya kutosha, kwa sababu mbunifu alipima kila kitu akiwa na mahameli mkononi. Tatizo huanza pale mtu anapovua ngozi kwenye hedifoni iliyopimwa kwa ngozi akaivisha mahameli, au kinyume chake. Hali kadhalika sponji zenye vitundu vidogo vidogo kwenye ukuta wa ndani: zinapendeza, na zinapoza joto kidogo, lakini vitundu vile huipa sauti njia ya kuingia ndani ya sponji na kumezwa, jambo ambalo ngozi nzima haifanyi.

Nne ni kitu ambacho wengi hukitupa bila kukijua. Ndani ya sponji nyingi, mbele ya kispika, kuna duara jembamba la kitambaa au la sponji ya kuchuja, wakati mwingine limeshonewa kwenye sponji yenyewe na wakati mwingine limelegea tu. Kazi yake ni kuzuia vumbi, na pia kuzituliza sauti nyembamba. Mimi mwenyewe niliwahi kubandua sponji kuukuu nikazitupa pamoja na maduara yake, nikavisha mpya, na jioni ile kila wimbo ulikuwa ukichacharika kama maandazi kwenye karai. Ilinichukua siku mbili kuelewa, na dakika chache za aibu kuyachokora kwenye pipa la taka.

Sasa nikuulize wewe swali: unapotaka sauti "isibadilike", ni sauti ipi unayoizungumzia? Sponji za miaka sita zimebonyea, sikio lako limesogea karibu na kispika mwaka hadi mwaka bila wewe kutambua, na umezoea sauti ya sponji zilizochoka. Wenye Sennheiser HD 600, hedifoni iliyo sokoni tangu mwaka 1997, wanalifahamu jambo hili: sponji zikilala, sauti husogea mbele na kuwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa hiyo hata ukinunua sponji halisi za mtengenezaji, wiki ya kwanza utaona kuna kitu kimebadilika. Hicho ni kurudi nyumbani, na nakusihi usikimbilie ikwalaiza, yaani vile vidhibiti vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, kabla masikio hayajakaa.

Kwa kazi kama yako, ambayo mtu mwingine ataisikiliza kwa spika nyingine, ushauri wangu ni kununua sponji za mtengenezaji yuleyule kwa ajili ya modeli ileile, hata kama bei inauma na zinasafirishwa kutoka Dar es Salaam. Zikikosekana, tafuta za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa modeli hiyo kwa jina, wala usikubali zile zinazouzwa kwa maneno ya "zinaingia hedifoni zote". Chukua rula upime sponji zako kuukuu: upana na urefu wa nje, upana na urefu wa tundu la katikati, na kina cha tundu hilo. Unene usiuamini kabisa, maana umebonyea. Linganisha na unene unaotajwa na muuzaji kwa sponji mpya za modeli yako. Ngozi ya nje iwe ya aina ileile. Baada ya hapo, mahali pekee ambapo ningekuruhusu kutafuta starehe ni kwenye ulaini wa sponji ya ndani na ubora wa ngozi. Ngozi halisi ya kondoo, isiyo na vitundu, huziba hewa sawa na ile ya bandia, ni laini kwa shavu, nayo haitabanduka vipande. Ile ya bandia hubanduka kwa sababu utando wake wa juu ni wa poliyurethani, na unyevu, jasho na joto huuvunjavunja polepole hata kama hedifoni imelala kabatini.

Kuna onyo moja ambalo wauzaji wa pwani hawatakupa. Sponji zinazosifiwa siku hizi ni zile zinazorudi polepole ukizibonyeza kwa kidole. Ni nzuri, kwa kuwa hufuata umbo la taya na kuziba vizuri, lakini ulaini wake hutegemea joto. Katika chumba cha Njombe asubuhi ya mwezi Julai, sponji hizo huwa ngumu kama sabuni ya mche, na mpaka joto la kichwa chako lizilegeze zitakuwa zimekaa juu ya taya bila kuziba. Ukianza kuchanganya nyimbo dakika ileile ulipozivaa, utaongeza besi tena, na kazi itarudishwa tena. Zivae kwa dakika kumi huku ukipanga mafaili, kisha ndipo uanze kuamua mambo.

Kuhusu kuvalisha, kwa maelezo yako sponji zako ni za pindo, yaani zina ukingo wa ngozi unaojipachika kwenye mfereji wa kikombe. Usitumie kisu. Ingiza ukucha au kadi kuukuu ya plastiki, vuta taratibu kuzunguka, na kabla hujaweka sponji kuukuu chini hakikisha lile duara la ndani umelitoa na kulihifadhi, isipokuwa kama mpya zimekuja na lake. Weka sponji mpya juani ili pindo lilegee. Kwa kuwa jua la Njombe mwezi wa saba lenyewe ni la kuombwa, unaweza kuzikumbatia kwapani badala yake. Anza upande mmoja, kisha endelea kidogo kidogo kama unavyovalisha tairi la baiskeli kwenye rimu. Kipande cha mwisho ndicho kigumu, na hapo ndipo watu hulichana pindo kwa haraka zao. Sponji nyingine ni nene zaidi nyuma ya sikio kuliko mbele, kwa hiyo angalia kama kuna alama ya kulia na kushoto.

Kwa wale wenye sponji za kubandika kwa gundi ya pande mbili, kuzunguka kispika utaona vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa karatasi au kitambaa laini. Hivyo ni mapafu ya hedifoni, navyo ndivyo vinavyopanga kiasi cha besi. Gundi ikivifunika, umebadilisha sauti hata kama sponji ni halisi. Na gundi ikiacha mwanya, hewa itapita chini ya sponji, na utahangaika kutafuta kosa shavuni wakati liko kwenye kikombe.

Ukishavalisha, pima. Cheza noti ndefu ya chini kabisa ya kinanda au ya gitaa la besi, kisha kandamiza vikombe kidogo kwa vidole. Besi ikibadilika kidogo, ni kawaida, kwa kuwa umelisogeza sikio. Ikijaa ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango, sponji zinavuja. Kipimo cha pili ninakipenda zaidi: visha sponji mpya upande wa kushoto tu, acha kuukuu kulia, kisha cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza iliyorekodiwa kwa maiki moja, ili pande zote mbili zipokee kitu kilekile. Kama sponji zina tabia moja, mtu huyo atasimama katikati ya paji la uso wako. Zikitofautiana atasogea, au atakuwa mzito upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Geuza sasa hedifoni, kulia kuwe kushoto, maana masikio yetu wenyewe hayalingani: tofauti ikihama pamoja na hedifoni, ni ya sponji, ikibaki palepale, ni ya sikio lako. Kwa sababu zile kuukuu zimelala, tarajia tofauti ndogo kwenye sauti nyembamba. Besi ikipotea upande mmoja, usivishe ya pili; zirudishe dukani.

SWALI: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Iringa. Kila siku ninasikiliza rekodi za masimulizi ya wazee kwa Kihehe na kuyaandika, saa nne au tano kwa siku. Hedifoni zangu zinaibana miwani mpaka nyuma ya masikio panauma, na ngozi yake inanitoa jasho hata kwenye baridi. Nimeambiwa nibadilishe niweke za mahameli, ila nimesikia pia kwamba zitaharibu sauti. Nifanyeje?
Mwalimu mstaafu, Iringa

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Yote niliyomwambia kijana wa Njombe hapo juu, wewe unaweza kuyasamehe kwa sehemu kubwa. Yeye anapima uwiano wa besi. Wewe unatafuta maneno. Simu za mezani za zamani zilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na bado watu walielewana, wakagombana na kupatana kwa simu hizo. Mahameli yakikupunguzia besi ya chini, masimulizi ya wazee wako hayatapoteza silabi hata moja, na pengine muungurumo wa upepo na wa magari uliomo kwenye rekodi zile utapungua. Weka mahameli, mradi yatoshe kwenye vikombe vyako na lile duara la ndani libaki mahali pake.

Gharama utakayoilipa ni nyingine: kelele za nje zitaingia zaidi, na wewe nawe utasikika kwa aliye jirani. Kama unafanya kazi sebuleni penye wajukuu, jambo hilo lina uzito kuliko besi.

Miwani ina habari yake. Mkono wa miwani hupita chini ya sponji na kuacha mfereji mdogo mbele na nyuma yake, kwa hiyo wewe tayari ulikuwa unasikiliza hedifoni inayovuja, na hapo huna cha kupoteza. Maumivu hutokana na sponji ngumu inayousukuma mkono wa miwani kwenye mfupa. Sponji laini humeza mkono huo, na fremu nyembamba ya waya humezwa kwa urahisi kuliko ya plastiki pana. Kama utepe wa kichwa ni wa chuma, unaweza kuilaza hedifoni usiku kucha ikiwa imevishwa kwenye rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa chako, ili ilegee. Ikiwa ni wa plastiki tupu sikushauri, kwa kuwa kwenye baridi ya Iringa plastiki huvunjika bila kuaga. Na kama huwa unavaa kofia ya sufu asubuhi, ipandishe juu ya masikio kwanza. Sufu chini ya sponji huvujisha kuliko mahameli na miwani vikiwekwa pamoja.

SWALI: Hedifoni zangu ni za Bluetooth, zenye uwezo wa kufuta kelele. Nimebadilisha sponji, muziki ni mzuri tu, lakini ndani ya basi la kutoka Uyole kwenda Makambako injini inasikika kuliko zamani. Nimeharibu nini?
Msafiri, Mbeya

JIBU: Hujaharibu kitu. Hedifoni nyingi za aina hiyo zina maikrofoni ndani ya kikombe, inayosikiliza kelele iliyopenya na kuamuru kispika kutoa sauti ya kuibatilisha. Hesabu zake zilipangwa kwa sponji za kiwandani zenye uzibaji wa kiwango fulani. Sponji mpya ikivuja, muungurumo wa injini, ambao ni wa besi, huingia mwingi, na ile besi ya kuubatilisha hutorokea mlango huohuo. Ikwalaiza haitakusaidia hapo. Kwa hedifoni zinazofuta kelele mimi sikubali sponji zozote isipokuwa za mtengenezaji mwenyewe, na kabla ya kulipa angalia kwamba tundu la maikrofoni ndani ya kikombe halikufunikwa na kitambaa kinene.

SWALI: Huku Tukuyu unyevu hautuachi. Sponji za ngozi bandia zinabanduka haraka, na za mahameli zinaota ukungu. Kuna fundi viatu stadi hapa ambaye ameniambia anaweza kunishonea za ngozi halisi ya kondoo. Nimkubalie?
Mpenzi wa muziki, Tukuyu

JIBU: Mkubalie, lakini kaa naye. Niliwahi kushonewa sponji na fundi viatu wa Mwanjelwa, mtu ambaye mkono wake siutilii shaka, zikatoka nzuri kuliko za dukani kwa kuzitazama, na besi yote ikaondoka. Tulipozichunguza tulikuta sababu mbili. Alikuwa ametumia sindano ya viatu, na mshono wake ulipita juu kabisa, pale ngozi inapogusa shavu, kwa hiyo kila tundu la sindano lilikuwa dirisha. Halafu ndani aliweka sponji ya godoro, ambayo ilikuwa nene mkononi lakini ililala karibu yote mara nilipovaa.

Mwambie fundi wako atumie sindano nyembamba, mshono aupeleke kwenye ukingo wa nje au chini upande wa kikombe, na ngozi asiivute ikawa kama ya ngoma, kwa sababu ngozi iliyokazwa haiwezi kufuata umbo la taya. Aifumue sponji moja kuukuu aitumie kama kigezo cha kukatia, na tundu la katikati lisipungue hata milimita mbili. Sponji ya ndani mletee wewe mwenyewe, umeipima ikiwa imekandamizwa kwa uzito wa kitabu, siyo ikiwa imelala mezani. Unyevu nao hauishi kwa kubadilisha ngozi: ukimaliza kusikiliza, pangusa sponji kwa kitambaa kikavu, usipake spiriti wala mafuta ya nazi, na usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Mimi huzitundika kwenye msumari jikoni, upande usio na moshi, ukuta mmoja na jiko la mkaa.